Haiba na Ukiwa: Picha za Magofu ya Pate Mbele ya Al-Inkishafi

Utangulizi

Miongoni mwa picha za pwani ya Afrika ya Mashariki zinazochapishwa mara kwa mara katika vitabu vya watalii, kalenda na kadi za posta, iko aina moja ambayo haionekani kuwachosha wachapishaji wala wanunuzi wake. Ni picha ya nyumba ya mawe iliyoachwa. Paa limeanguka, chokaa imebambuka, na mimea itambaayo imezivika kuta toka msingi hadi juu. Mlango u wazi, na ndani yake mna kiza. Hamna mtu. Mtazamaji huiangalia picha hiyo akaingiwa na utulivu uliochanganyika na huzuni kidogo. Na kwa kuwa huzuni yenyewe haimdai kitu, humpendeza.

Visiwa vya Lamu vimetoa picha nyingi za namna hiyo, hasa kutoka mji wa kale wa Pate, na pia kutoka Takwa katika kisiwa cha Manda. Pate hiyo hiyo ndiyo iliyotoa utungo mashuhuri kuliko tungo zote za Kiswahili zihusuzo nyumba zilizoachwa, yaani Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mhakiki amepata hapa nafasi isiyopatikana kila mara: magofu ya mji mmoja yameshughulikiwa na sanaa mbili, ile ya kamera na ile ya ushairi, na kila moja imeyatoa kwa njia yake.

Makala haya yanakusudia kuzilinganisha njia hizo mbili. Hoja kuu ni kwamba haiba ya picha ya gofu hutokana na kufunika. Mimea hufunika ukuta, na picha nayo hufunika swali la nani aliishi humo, kwa nini alitoka, na nani yumo sasa. Utungo, kwa upande wake, hufunua. Na jina lake lenyewe latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kufunuka kwa jambo lililositirika. Hata hivyo, itaonyeshwa pia kwamba utungo nao haukufunua yote, na kwamba liko jambo ambalo sanaa zote mbili zimelipita kando.

Picha na fani yake

Husemwa mara nyingi kwamba kamera haitungi, bali huchukua kilichopo. Kauli hiyo ni kweli kwa upande mmoja tu. Mpiga picha huchagua mahali pa kusimama, saa ya kusimama hapo, na mpaka wa kile atakachokiacha nje. Machaguo hayo ndiyo fani ya picha, kama vile vina na mizani vilivyo sehemu ya fani ya shairi. Na kwa kuwa ni machaguo, yanaweza kuhakikiwa.

Katika picha za magofu, machaguo matatu hurudiwa sana. La kwanza ni nuru. Picha hupigwa jua linapochomoza au linapotua, au siku ya mawingu, ili vivuli virefuke na rangi ya chokaa ilainike. Jua la saa sita, ambalo ndilo jua wanalofanyia kazi watu wa Pate, halitumiki. La pili ni mlango. Kwa kawaida mlango huwekwa katikati ya picha, nao huwa wazi, ili jicho livutwe ndani bila kupewa cha kuona. La tatu ni kutokuwapo kwa watu.

Chaguo hili la tatu ndilo zito kuliko yote. Mji wa Pate haukufa. Kijiji cha leo kipo kando kabisa ya kuta za kale, watu wake wanaishi, wanasali na kufanya biashara, na ndani ya magofu yenyewe wakulima hupanda tumbaku. Kuta za majumba ya wakubwa wa zamani zimekuwa mipaka ya mashamba. Kwa hiyo sehemu ya ule ujani ambao mtazamaji wa mbali huudhania kuwa ni mkono wa wakati, au ni pori lililojirudishia chake, huenda ikawa ni mazao ya mtu, yaliyopandwa kwa jembe na kumwagiliwa kwa jasho. Mpiga picha anayetaka gofu tupu hana budi kuigeuza kamera yake pembeni ili mkulima asiingie. Utupu wa picha, basi, umetengenezwa.

Kuna jambo la nne, ambalo si chaguo bali ni upungufu wa sanaa yenyewe. Picha huonyesha sehemu za nyumba bila kuzipa majina. Mtazamaji huona vishimo vya mraba vilivyopangwa safu kwa safu ukutani, naye huviona kama urembo tu. Msemaji wa Kiamu hujua kwamba hizo ni zidaka, kwamba zilikuwa katika chumba cha ndani kabisa, na kwamba ndani yake viliwekwa vyombo vya kaure. Huona ua mdogo usio na paa. Mwenyeji hujua kuwa hicho ni kiwanda, ambamo nuru na hewa ya nyumba nzima iliingilia. Huona baraza mbele ya mlango. Mwenyeji huiita daka, mahali pa kumpokelea mgeni ambaye hajaruhusiwa kupita. Nyumba ya mawe ya visiwa hivi ilijengwa kwa ngazi za usiri: kutoka daka hadi kiwanda, kutoka kiwanda hadi misana, kutoka misana hadi ndani. Asiyejua majina hawezi kuuona mpango huo, na asiyeuona mpango hawezi kutambua kwamba picha iliyopigwa kwenye ukuta wa zidaka imeingia mahali ambapo mgeni wa zamani asingefika.

Asili ya haiba hiyo

Jicho linalopendezwa na nyumba iliyovikwa mimea lina historia yake, na historia hiyo haikuanzia Pate. Katika karne ya 18 wenye ardhi wa Uingereza walifikia hatua ya kupenda magofu kiasi cha kuyajenga mapya. Katikati ya karne hiyo Sanderson Miller alijenga kule Hagley ngome ya kubuni, iliyovunjika tangu siku ya kukamilika kwake, ili ipambe bustani ya tajiri. Mwandishi William Gilpin naye alifundisha wasomaji wake kuzitazama kuta zilizobomoka kwa namna wanavyoitazama picha iliyochorwa.

Kamera ilizaliwa ndani ya upendo huo. William Henry Fox Talbot, mmoja wa wavumbuzi wa upigaji picha, alifanya majaribio yake nyumbani kwake Lacock Abbey, jumba la kale la mashambani ambalo hapo awali lilikuwa makao ya watawa. Picha yake ya dirisha la jumba hilo, ya mwaka 1835, inahesabiwa kuwa ni ya kale kuliko zote za aina yake zilizosalia. Katika kitabu chake The Pencil of Nature, kilichotolewa kati ya 1844 na 1846, Talbot aliitia picha ya nyumba hiyo na kudai kwamba ndiyo ya kwanza duniani kujulikana kuwa imejichora yenyewe. Ni dhahiri, basi, kwamba jumba la kale la shamba ni miongoni mwa maudhui ya awali kabisa ya sanaa ya picha.

Lakini yafaa ikumbukwe tofauti moja ambayo huivunja hoja ya wale wanaosema kuwa uzuri huo ni wa watu wote. Nyumba ya shamba ya Uingereza iliyovikwa mimea itambaayo kwa kawaida ina paa na ina mwenyewe. Mara nyingi mmea umepandwa kwa makusudi na hukatwa kila mwaka usizibe madirisha. Maana yake ni kwamba ukoo umekaa hapo muda mrefu. Katika Pate mmea uliopanda ukuta una maana iliyo kinyume: paa limeanguka na ukoo umeondoka.

Ufundi wa ujenzi wenyewe waeleza sababu. Nyumba za visiwa vya Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Dari na paa zilibebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana upana wa vyumba haukuzidi mita 3 hivi. Nyumba ya namna hii hudumu maadamu paa lake latunzwa na kuta zapakwa chokaa. Paa likiachwa, mvua huingia, boriti huoza, dari huporomoka, na maji hupata njia katikati ya ukuta. Chokaa hulegea ikawa kama udongo. Ndege huleta mbegu. Mizizi ya mikuyu na miti mingine hupenya na kuyatenganisha mawe. Mmea ambao katika picha unaonekana kuukumbatia ukuta, kwa kweli unaubomoa. Kuihamisha haiba ya nyumba ya Kiingereza na kuivika nyumba ya Pate ni sawa na kutafsiri sentensi kwa kuangalia sura ya maneno bila kujua maana zake.

Gofu, hame, ukiwa, haiba

Hapa lugha inaweza kumsaidia mhakiki kuliko kamera. Kiswahili kina maneno kadhaa kwa jambo hili, na kila neno limebeba mtazamo wake.

Neno gofu hutumika kwa nyumba iliyobomoka, na pia kwa mwili uliokonda ukabaki mifupa. Neno hilo laifananisha nyumba na mtu: kuta ni mifupa, chokaa ni nyama iliyokwisha. Neno hame, na wingi wake mahame, lina mtazamo mwingine. Latokana na kitenzi hama, na kwa hiyo haliwezi kutamkwa bila ya kuleta fikira za waliohama. Gofu lasimulia hali ya jengo. Hame lasimulia tendo la watu. Ni jambo la kuzingatia kwamba picha yaweza kuonyesha gofu, lakini haiwezi kwa nguvu zake yenyewe kuonyesha hame, kwa kuwa kitendo cha kuhama hakimo tena mbele ya kamera.

Neno la tatu ni ukiwa. Mkiwa ni mtu aliyeachwa peke yake, asiye na jamaa wala wa kumtegemea. Ukiwa ni hali yake, na ni pia hali ya mahali palipohamwa. Mswahili anaposema kuwa nyumba ina ukiwa, huihesabu nyumba hiyo kuwa imefiwa. Huzuni iliyomo katika neno hilo haipendezi, wala haikukusudiwa kupendeza.

Neno la nne ni haiba, ambalo kwa urahisi mtu angelichagua kuielezea picha ya nyumba iliyovikwa mimea. Leo haiba hueleweka kuwa ni uzuri wa umbo na mwenendo unaomvuta mtazamaji. Lakini katika Kiarabu, lilikotoka, neno hilo lina maana ya kicho: heshima iliyochanganyika na hofu. Inapendeza kuona kwamba mshairi wa Al-Inkishafi mwenyewe analitumia neno haiba, ila halitumii kwa gofu. Analitumia pale anapowaeleza matajiri wa Pate walipokuwa hai, nyumba zao zikiwaka taa, na heshima imewazunguka. Kwake yeye haiba ilikuwa ya watu, nayo ilitoka pamoja nao. Mpiga picha ameichukua haiba kwa wenye nyumba na kuivika kuta baada ya kifo chao.

Nyumba katika Al-Inkishafi

Al-Inkishafi ilitungwa mwanzoni mwa karne ya 19, kama ikubalikavyo na wataalamu wengi, wakati ambapo utukufu wa Pate ulikuwa umekwisha kuzama. Una beti zaidi ya 70, kila ubeti una mistari minne yenye mizani kumi kumi. Mistari mitatu ya mwanzo hukubaliana vina, na mstari wa nne hufunga kwa kina kisichobadilika toka mwanzo hadi mwisho. Wengine huuita utenzi, ingawa mizani ya tenzi kwa desturi ni minane. Tafsiri ya W. E. Taylor ilichapishwa mwaka 1915 katika kitabu cha Stigand. William Hichens alitoa toleo lake mwaka 1939, na James de Vere Allen akatoa lake mwaka 1977. Utungo umesomwa sana kama mahubiri juu ya ubatili wa dunia, na kusomwa hivyo si kosa. Lakini kwa makala haya jambo muhimu ni namna mshairi anavyoishughulikia nyumba.

Kwanza, mshairi hatoi gofu peke yake. Anaanza na nyumba iliyojaa: taa za shaba na bilauri, vyombo vya kaure vilivyochaguliwa, vitanda vyenye magodoro na mito iliyotiwa nakshi, vyumba vinavyovuma kwa sauti za wanaume na wanawake. Ni baada ya hapo ndipo anapomwonyesha msikilizaji nyumba hiyo hiyo ikiwa tupu. Kila kitu kilichotajwa mwanzo hurudi kikiwa kimegeuka. Palipokaa kaure, sasa wamelala makinda ya ndege. Palipovuma mazungumzo, sasa huvuma wadudu. Vitanda vimetandikwa utando wa buibui. Viwanda vya nyumba vimekuwa mwitu. Picha yaweza kutoa sehemu ya pili tu ya jozi hii. Kwa kukosa sehemu ya kwanza, inabaki na matokeo bila ya hasara.

Pili, mshairi anazitaja sehemu za nyumba kwa majina yake. Anaongea kama mwenyeji anayetembea toka chumba hadi chumba. Anajua ni wapi paliwekwa nini. Jambo hili huupa utungo uzito ambao mahubiri ya jumla juu ya kifo hayana. Msikilizaji wa Pate hakuambiwa kwamba dunia yapita. Alionyeshwa zidaka alizozijua.

Tatu, mimea imo katika utungo, na kiza cha mlangoni kimo. Hivi ni vitu viwili vile vile ambavyo picha huvitegemea kwa haiba yake. Lakini katika utungo kichaka ni dalili ya msiba, na kiza cha mlangoni humtisha anayetaka kuingia. Hapa ndipo maana ya kale ya haiba, yaani kicho, inapokutana na gofu kwa haki. Mtazamaji wa picha haogopi mlango ule kwa kuwa anajua hataingia.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote, mshairi hamwachi msikilizaji kuwa mtazamaji. Anamwambia kwamba ikiwa haamini, aende mwenyewe katika nyumba hizo akachungulie. Na akiita, hatajibiwa na mtu, ila sauti yake mwenyewe itarudi. Katika shauri hilo umo uhakiki mzima wa sanaa ya kutazama. Ushahidi wa gofu haupatikani kwa jicho, bali kwa sauti: ni lazima uite, ukose jibu. Picha haiitiki, lakini pia haimdai mtu aite.

Mwisho, mshairi anauliza wako wapi wenye nyumba, na anataja majina ya watu aliowajua, wakiwemo jamaa zake. Mtindo wa kuuliza waliko waliopita unajulikana katika fasihi nyingi za dunia, na washairi wa Kiarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa na desturi ya kufungua kasida zao kwa kusimama mbele ya mabaki ya kambi iliyohamwa. Sayyid Abdalla anaurithi mtindo huo, lakini hausimamishi kwenye huzuni. Anaupeleka kwenye ibra, yaani zingatio: gofu linampasa moyo, ambao ndio unaosemezwa katika utungo, ubadili mwendo wake kabla haujawa gofu wenyewe. Kwa ufupi, picha hutoka kwenye gofu na kwenda kwenye haiba, nao utungo hutoka kwenye haiba, ukapita kwenye ukiwa, ukaishia kwenye ibra.

Yaliyopitwa na wote wawili

Haitoshi, hata hivyo, kuutukuza utungo na kuilaumu picha. Uhakiki unaostahili jina hilo hauna budi kuuliza utungo wenyewe unasimama na nani.

Majumba ya Pate yalijengwa kwa mali, na mali hiyo haikutoka mbinguni. Ilitoka katika biashara ya bahari na katika kazi za watu wengi ambao hawakulala katika vyumba vya zidaka, na wengi wao walikuwa watumwa. Matumbawe laini yaliyochongwa mapambo yalikatwa baharini yakingali mabichi, mawe ya kuta yalichimbwa nchi kavu, chokaa ilichomwa, boriti zilikatwa katika matope ya mikoko. Katika nyumba za ghorofa za visiwa hivi, sehemu ya chini mara nyingi iliachiwa watumwa na bidhaa. Utungo unawataja watumishi, lakini unawataja kama sehemu ya kelele za furaha ya nyumba. Mshairi anapouliza wako wapi, anawauliza wenye vitanda, hawaulizi waliovitandika. Maombolezo yake ni ya tabaka moja, ingawa mafunzo yake ameyakusudia kwa watu wote.

Vile vile utungo hautoi sababu ya anguko ambayo mwanahistoria angeridhika nayo. Sababu yake ni kiburi, mauti na mapenzi ya dunia. Historia yaonyesha pia vita vya kugombea utawala miongoni mwa Wanabahani, kushindwa kwa Pate na Mombasa katika vita vya Shela yapata mwaka 1812, Lamu kujiweka chini ya ulinzi wa Sayyid Said wa Omani, na hatimaye nguvu za Zanzibar kuenea visiwani katika karne ya 19. Nyumba hazikuachwa kwa sababu watu wote hufa. Wafu wa Lamu nao walikufa, lakini nyumba zao zilirithiwa na kupakwa chokaa. Za Pate ziliachwa kwa sababu mali na mamlaka vilihamia kwingine. Hilo ndilo neno hame linalolijua, na ndilo ambalo picha na utungo, kila kimoja kwa njia yake, vimelinyamazia.

Na juu ya yote yupo mkulima wa tumbaku. Picha imemwondoa ili gofu liwe tupu. Utungo haukumwona kwa kuwa hakuwa sehemu ya utukufu uliokuwa ukiombolezwa. Lakini yeye ndiye anayeishi na kuta hizo leo. Kwake gofu ni ua wa shamba. Kadhalika Takwa, mji uliohamwa yapata mwisho wa karne ya 17, ambako nguzo ya kaburi ina tarehe ya mwaka 1094 wa Hijria, huonyeshwa na picha kama mahali pasipo mwenyewe. Ilhali watu wa Shela, wanaojihesabu kuwa uzao wa wakazi wake, wamedumisha desturi ya kwenda pale kumwomba Mungu mvua. Mahali panapoombewa mvua si patupu.

Utetezi wa picha

Yaweza kujibiwa kwamba lawama hizi zimepita kiasi. Picha ina sifa zake, na zapasa kutajwa kwa uadilifu. Kitabu cha msanifu majengo Usam Ghaidan juu ya mji wa Lamu, kilichotoka Nairobi mwaka 1975, kilitumia picha pamoja na ramani na michoro ya nyumba, na kazi za namna hiyo zilisaidia kuamsha juhudi za kuuhifadhi mji ambao mwaka 2001 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Ukuta uliopigwa picha leo waweza kuanguka mvua za mwaka ujao. Picha itakuwa ndiyo kumbukumbu iliyobaki. Zaidi ya hayo, mtu aliyevutwa na haiba huenda baadaye akavutwa na maarifa.

Hoja hiyo ni ya kweli, lakini yaunga mkono makala haya kuliko kuyapinga. Picha za Ghaidan hazikuachwa peke yake. Ziliandamana na majina ya vyumba, vipimo na maelezo ya matumizi. Zilikuwa zimefunuliwa. Kinacholaumiwa hapa ni picha inayokatwa kutoka katika maelezo yake na kuuzwa kama hisia. Picha ya namna hiyo haina madhara ya kifikra tu. Katika Lamu na Shela nyumba nyingi za kale zimenunuliwa na wageni na kujengwa upya. Na mnunuzi aliyelelewa kwa picha za kuta tupu huja akidhani amekuta mahali pasipo na historia ya mtu, penye nafasi kwa ndoto zake. Gofu likishaonekana halina mwenyewe, bei yake hupangwa kwa macho ya mtazamaji.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba picha ya nyumba iliyovikwa mimea hupata haiba yake kwa kuwaondoa watu, kwa kuyanyima majina sehemu za nyumba, na kwa kuazima maana ambayo mmea unayo katika nchi nyingine. Imeonyeshwa pia kwamba Al-Inkishafi, ikitumia kiza na mwitu ule ule, huvirudisha vitu hivyo kwenye ukiwa na kisha kwenye ibra, ingawa macho yake hayakushuka hadi ghorofa ya chini.

Kwa walimu wa fasihi ya Kiswahili matokeo ya uchunguzi huu ni ya matumizi. Al-Inkishafi inapofundishwa, picha za Pate zitumike, lakini zisitumike kama pambo la jalada wala kama kivuli cha huzuni ya mshairi. Mwanafunzi apewe picha na aulizwe: chumba hiki kinaitwaje, nani aliruhusiwa kuingia, nani alikata boriti zilizooza hapa, na majani haya ni ya nani? Swali la mwisho lisirukwe. Katika Pate huenda jibu lake likawa ni jina la mtu aliye hai, ambaye ataondoka jioni na jembe lake begani, na kesho atarudi.